Cheo kikipanda, rufaa inaenda mbali: kesi za polisi wala rushwa, kutoka Kinsevere hadi Kinshasa

Polisi akihukumiwa kwa kula rushwa katika jimbo la Haut-Katanga, habari husikika siku ya hukumu. Watu wanasimulia idadi ya miaka aliyopewa, wanashangilia au wanatikisa kichwa, kisha maisha yanaendelea. Kinachofuata baada ya pale, yaani rufaa, kile ambacho wengi wanakiita kwa Kifaransa appel, hakisikiki sana. Lakini ni katika rufaa ndipo adhabu inaweza kubaki, kupunguzwa au kufutwa kabisa.

Kwa wakaaji wa Kinsevere, kilomita kama 30 kaskazini mwa Lubumbashi, jambo hili si la wanasheria peke yao. Huko kuna mgodi wa shaba wa kampuni ya MMG, iliyoununua mwaka 2012 kutoka kwa Anvil Mining. Penye mgodi kuna malori, kuna wachimbaji wa mikono, kuna wauza makala wenye baiskeli, kuna manseba na moto zao. Na penye hayo yote kuna watu wa sare: polisi wa roulage, polisi wa migodi, na wengine. Mtu akiombwa pesa barabarani, akathubutu kushitaki, na mahakama ikamhukumu yule afisa, swali linalobaki ni hili: rufaa itasikilizwa wapi, na yeye mlalamikaji atajuaje imeishaje?

Jibu linategemea kitu kimoja ambacho watu wengi hawakifikirii: cheo cha mshitakiwa.

Kwa nini polisi anaenda mahakama ya kijeshi

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, polisi si mwanajeshi, lakini anahukumiwa na mahakama za kijeshi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 156, inasema kwamba mahakama hizo zinashughulikia makosa ya askari wa jeshi la taifa na ya polisi wa taifa. Utaratibu wenyewe umewekwa na sheria mbili za tarehe 18 Novemba 2002: ile ya utaratibu wa mahakama za kijeshi, namba 023, na ile ya makosa na adhabu za kijeshi, namba 024.

Mahakama hizo zimepangwa kama ngazi. Chini kabisa kuna zile za makosa madogo. Juu yake kuna mahakama ya garnison, ambayo Lubumbashi inayo ya kwake. Juu ya hiyo kuna korti ya kijeshi ya jimbo, nayo pia iko Lubumbashi. Na juu ya zote kuna Korti Kuu ya Kijeshi, Haute Cour Militaire, ambayo makao yake ni Kinshasa.

Afisa haanzii ngazi anayoipenda. Askari wa kawaida na maafisa wadogo, mpaka cheo kinacholingana na kapiteni, wanaanzia mahakama ya garnison. Kuanzia cheo kinacholingana na meja mpaka kanali, kesi inaanzia moja kwa moja korti ya kijeshi ya jimbo. Majenerali wanahukumiwa na Korti Kuu ya Kijeshi.

Hapo ndipo hesabu inapotoka. Tuseme polisi mdogo amehukumiwa kwa kumdai muuza makala pesa kwenye kizuizi karibu na Kinsevere. Amehukumiwa Lubumbashi na mahakama ya garnison, na rufaa yake itasikilizwa Lubumbashi vilevile, kwenye korti ya kijeshi. Muuza makala anaweza kufika kwa baiskeli au kwa moto ya manseba. Lakini tuseme aliyehukumiwa ni kamanda mwenye cheo cha kanali, yule aliyekuwa akipokea jioni sehemu ya makusanyo ya siku. Yeye ameanzia korti ya kijeshi ya Lubumbashi, kwa hiyo rufaa yake inaenda Korti Kuu ya Kijeshi, yenye makao Kinshasa. Muuza makala atafikaje Kinshasa? Kwa ndege?

Kwa maneno mengine, kadiri mshitakiwa alivyo mkubwa, ndivyo rufaa yake inavyosikilizwa mbali na watu waliotoa pesa. Ni kweli kwamba sheria inaruhusu majaji kusafiri na kuketi mahali pengine. Lakini hiyo ni ruhusa, na safari inahitaji pesa, magari na nia.

Rufaa ni haki, hata ya polisi

Kabla ya kulalamika kwamba polisi wala rushwa wanapunguziwa adhabu, ni lazima kusema wazi: rufaa ni haki yao. Kifungu cha 21 cha Katiba kinamhakikishia kila mtu haki ya kupinga hukumu. Hakisemi kila mtu isipokuwa mwenye sare.

Na haki hiyo ina sababu. Katika miji ya mashariki na kusini mwa nchi, watu wamezoea kuona kesi za papo hapo, zinazofanyika hadharani mbele ya umati. Kuna sheria ya mwaka 1978 inayoruhusu mtu aliyekamatwa katika tendo ahukumiwe kwa haraka. Kesi za namna hiyo zinawapa wananchi hisia kwamba haki inafanya kazi. Lakini haraka ina hatari zake: wakili aliyeteuliwa asubuhi hawezi kusoma faili vizuri mpaka mchana, na umati unaotaka adhabu si shahidi. Polisi mdogo aliyepewa miaka mingi gerezani kwa mbio hizo anahitaji mahali pa kusema: sikilizeni tena.

Muda wa kusema hivyo ni mfupi. Mbele ya mahakama za kijeshi, aliyehukumiwa ana siku tano za kukata rufaa, wakati katika mahakama za kiraia ni siku kumi. Watu walikumbushwa jambo hilo mwezi Septemba 2024, mahakama ya garnison ya Kinshasa-Gombe ilipowahukumu kifo watu 37 katika kesi ya jaribio la mapinduzi la Mei mwaka huo: nao walipewa siku tano. Kwa afisa mwenye wakili, siku tano zinatosha. Kwa askari aliye ndani ya gereza la Kasapa bila mtu wa kumfuatilia karatasi, zinaweza kuisha kabla hajaelewa hukumu yake.

Kuna pia mahakama za kijeshi za operesheni, zinazoundwa kwenye maeneo ya vita. Hukumu zake, kwa mujibu wa sheria ya 2002, hazina rufaa. Wanasheria wengi wameona kwamba hilo linagongana na Katiba. Basi upungufu wa rufaa si tatizo la walalamikaji peke yao. Wapo wanaohukumiwa bila rufaa yoyote, na wapo wanaopata rufaa ambayo hakuna anayeiona.

Anayeanguka ni mdogo

Jambo la pili linalofanya rufaa hizi ziwe ngumu ni swali la nani anashitakiwa tangu mwanzo. Sheria ina majina mengi ya tendo moja. Kuna rushwa yenyewe, ambayo sheria namba 05/006 ya tarehe 29 Machi 2005 iliiongezea nguvu. Kuna kudai pesa ambayo afisa anajua haidaiwi, kosa linaloitwa concussion. Kuna unyang'anyi kwa vitisho. Na kuna kosa la kijeshi la kuvunja amri za kazi. Jina lililochaguliwa na mwendesha mashtaka wa kijeshi, yule auditeur, ndilo wakili wa afisa atakaloanza kulishambulia kwenye rufaa.

Lakini chochote kitakachoandikwa kwenye faili, anayekamatwa ni yule aliyenyoosha mkono. Watafiti waliochunguza polisi wa Kongo wameeleza kwa miaka mingi jinsi pesa inavyopanda. Mwaka 2011 Maria Eriksson Baaz na Ola Olsson waliandika juu ya desturi inayoitwa rapportage: wa chini anakusanya, wa juu anapelekewa. Utafiti mwingine juu ya polisi wa barabarani wa Kinshasa, ulioongozwa na Raúl Sánchez de la Sierra, ulionyesha wakubwa wakiwapangia askari idadi ya madereva wa kuleta ofisini kila siku. Huko Kivu, shirika la IPIS la Ubelgiji lilihesabu mwaka 2017 vizuizi 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, vya jeshi, vya polisi, vya makundi yenye silaha na vya wengine. Vizuizi vingi hivyo havisimami kwa mapenzi ya askari mmoja mwenye njaa.

Kwa hiyo askari mdogo akifika kwenye rufaa, utetezi wa kwanza unaomjia ni: nilitumwa. Mara nyingi anasema kweli. Lakini kifungu cha 28 cha Katiba kinasema hakuna anayelazimika kutii amri iliyo wazi kwamba ni kinyume cha sheria. Utetezi wake unaweza kumpunguzia adhabu, haumfanyi asiwe na hatia. Na mahakama ya rufaa inamhukumu yule aliye mbele yake. Haiwezi kumwita kamanda akae kwenye kiti cha mshitakiwa kwa sababu jina lake limetajwa. Hilo ni la auditeur, na faili jipya lazima lifunguliwe. Bila faili hilo, rufaa inaishia kupima tu kama mdogo apewe miaka mitano au miwili, wakati pesa ya jana imeshafika mahali pengine.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Tume ya huduma ya polisi ya nchi hiyo, ilipokuwa ikiwakagua maafisa wa trafiki, iliwataka walete taarifa za akaunti zao za M-Pesa. Humo zikaonekana pesa zikitoka kwa wadogo kwenda kwa wakubwa, na waliofukuzwa wakapewa nafasi ya kuomba uamuzi uangaliwe tena. Kongo nayo inatumia M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Ushahidi wa namna hiyo hauogopi vitisho, wala haubadilishi maneno kati ya kesi ya kwanza na rufaa.

Mlalamikaji anapotea njiani

Tofauti na mashine ya simu, mtu anaogopa. Tangu sheria ya 2002, mwenye kudhulumiwa anaweza kuingia kesi ya kijeshi kama partie civile, yaani upande wa madai, na kuomba fidia. Hilo lilikuwa hatua kubwa. Lakini kwenye rufaa nguvu yake ni ndogo. Akikata rufaa yeye mwenyewe, ni kwa ajili ya fidia yake. Afisa akiachiwa huru, ni auditeur ndiye wa kupinga kuachiwa huko. Auditeur asipofanya hivyo ndani ya muda, basi imekwisha.

Na kuna muda wa kungoja. Kwa kawaida rufaa inasimamisha utekelezaji wa hukumu, isipokuwa mahakama imeamuru mtu akamatwe palepale. Hapo mtu wa Kinsevere anaweza kujikuta akipita kwenye kizuizi kilekile, mbele ya afisa yuleyule aliyemshitaki, wakati rufaa bado haijaamuliwa. Hahitaji kuambiwa neno. Kesho yake anajua mwenyewe kama ataendelea kuwa shahidi au atanyamaza.

Watu wa Haut-Katanga wana kumbukumbu chungu ya kesi ya namna hiyo, ingawa haikuwa ya rushwa. Oktoba 2004 jeshi liliingia Kilwa, karibu na ziwa Mweru, na raia zaidi ya 70 wakauawa. Anvil Mining, kampuni ileile iliyokuja kumiliki Kinsevere, ilikuwa na mgodi wa Dikulushi jirani na pale, na magari yake yalitumiwa na askari. Kesi ilisikilizwa Lubumbashi na korti ya kijeshi ya Katanga. Tarehe 28 Juni 2007 washitakiwa waliachiwa kuhusu mashtaka ya uhalifu wa kivita wa Kilwa, pamoja na wafanyakazi watatu wa kampuni. Juhudi za rufaa hazikubadilisha matokeo hayo. Waathirika walilazimika kutoka nje ya nchi: mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza uamuzi unaoitaka Kongo iwalipe dola milioni 2.5.

Somo la Kilwa kwa Kinsevere ni la wazi. Mahali ambapo kampuni, polisi na jeshi wako karibu, mlalamikaji asiye na msaada anaweza kushindwa ngazi ya kwanza, na ngazi ya pili isimfae kitu.

Miaka kumi na miwili ya kesi moja

Kesi inayoonyesha vizuri zaidi njia ya rufaa ya polisi wa Kongo ni ile ya Floribert Chebeya na dereva wake Fidèle Bazana. Nayo ni ya mauaji, si ya rushwa, lakini ngazi ni zilezile. Tarehe 1 Juni 2010 Chebeya, kiongozi wa shirika la La Voix des Sans Voix, aliitwa kwenye makao makuu ya polisi Kinshasa. Kesho yake alikutwa amekufa ndani ya gari lake. Mwili wa Bazana haukupatikana.

Mwezi Juni 2011 korti ya kijeshi ya Kinshasa-Gombe iliwahukumu maafisa wanne adhabu ya kifo, akiwemo Kanali Daniel Mukalay, na watatu kati yao walikuwa mafichoni. Rufaa ikaenda Korti Kuu ya Kijeshi, na mwezi Septemba 2015 adhabu ya Mukalay ikashuka kuwa miaka 15. Kisha mwaka 2020 Christian Ngoy Kenga Kenga, mmoja wa waliokuwa wametoroka, alikamatwa papa hapa Lubumbashi. Kesi ikafunguliwa tena, na tarehe 11 Mei 2022 Korti Kuu ikamhukumu yeye adhabu ya kifo, Jacques Mugabo miaka 12, na Paul Mwilambwe akaachiwa huru.

Mtu mmoja hakuketi kwenye kiti cha washitakiwa: Jenerali John Numbi, aliyekuwa mkuu wa polisi wakati huo na mtoto wa Katanga. Kanuni ya kijeshi inataka jaji asiwe na cheo cha chini kuliko mshitakiwa, na kwa miaka mingi hilo lilitajwa kama kikwazo. Mwaka 2021 akaondoka nchini. Kwa anayeangalia kesi za rushwa, hesabu ni ileile: cheo kinaamua ngazi, kinaamua majaji, na wakati mwingine kinaamua kama kutakuwa na kesi.

Rufaa inayojenga imani

Je, kuna mahali ambapo rufaa ya polisi mla rushwa iliongeza imani ya watu? Mfano mmoja uko Afrika Kusini, mwisho wa barabara ambayo malori ya shaba ya Katanga huifuata baada ya Kasumbalesa. Jackie Selebi alikuwa mkuu wa polisi wa nchi nzima, na aliwahi kuwa rais wa Interpol. Mwaka 2010 alipatikana na hatia ya kupokea pesa kutoka kwa Glenn Agliotti, mfanyabiashara wa dawa za kulevya, akapewa miaka 15. Alikata rufaa, mawakili wake wakidai shahidi mkuu ni mwongo. Tarehe 2 Desemba 2011 mahakama ya juu ya rufaa iliikataa rufaa yake, ikaeleza kwa maandishi, hoja kwa hoja, kwa nini. Yeyote angeweza kusoma.

Mfano huo nao una kasoro. Miezi michache baadaye, Julai 2012, Selebi aliachiliwa kwa sababu ya ugonjwa wa figo, na wengi walinung'unika. Lakini hawakubaki wakiulizana kama kweli alikula pesa. Hilo lilikuwa limeandikwa na majaji wa ngazi mbili.

Linganisha na kesi kubwa ya pesa za umma ya Kongo, ambayo ilikuwa ya kiraia. Vital Kamerhe alipewa miaka 20 mwezi Juni 2020. Rufaa ikashusha hadi miaka 13 mwaka 2021. Korti ya Kasasheni ikaivunja hukumu hiyo mwaka 2022, na tarehe 23 Juni mwaka huo akaachiwa huru. Mwaka 2023 akawa waziri wa uchumi. Kisheria ni mtu asiye na hatia, na rufaa ilifanya kazi yake. Lakini waliotazama kesi ya kwanza kwenye televisheni siku baada ya siku hawakuelezwa kwa uwazi uleule kwa nini miaka 20 iligeuka kuwa sifuri. Mahali pasipo na maelezo, watu wanajaza wenyewe, na wanajaza kwa neno moja: madeso ya bana.

Hasara ya ukimya huo inawapata wote. Afisa aliyeachiwa kwa haki anarudi kazini na jina chafu. Afisa aliyeachiwa kwa mipango anarudi kizuizini na kiburi. Mwananchi hawezi kuwatofautisha.

Yanayowezekana bila sheria mpya

Mengi yanaweza kufanyika kwa sheria zilizopo. Kama mahakama za kijeshi zinaweza kutoka na kuketi hadharani kwa kesi ya kwanza, zinaweza kutoka pia kwa rufaa, hata Korti Kuu yenyewe. Hukumu zinaandikwa na kusomwa kwa Kifaransa. Muhtasari wa sababu kwa Kiswahili, moja ya lugha nne za taifa, ungewafikia watu wa Kinsevere kuliko idadi ya miaka peke yake. Kenya na Tanzania zinaweka hukumu za rufaa kwenye intaneti, hata zile za konstebo aliyekula pesa kidogo. Mahakama za kijeshi za Kongo hazina utaratibu kama huo. Na kila hukumu ya askari mdogo inayotaja rapportage ingepaswa kumfikia auditeur na ukaguzi mkuu wa polisi kama mwanzo wa faili jingine.

Kwa upande wa wananchi, silaha ya kwanza ni ndogo lakini ina kazi: namba ya kesi. Faili la kwanza lina namba ya RP, na likifika kwenye rufaa linapata namba ya RPA. Mlalamikaji mwenye namba hizo, au shirika la kiraia linalomsaidia, anaweza kwenda kwenye ofisi ya greffe Lubumbashi, ambako hukumu zinatunzwa, akauliza kesi imefika wapi, nani amekata rufaa na siku gani itasikilizwa. Asiye nazo ataambiwa arudi kesho.

Jambo la kuangalia katika miezi inayokuja ni polisi wangapi wa cheo cha juu watafikishwa mahakamani, na rufaa zao zitasikilizwa wapi. Rufaa ya askari mdogo ikisikilizwa Lubumbashi na ya mkubwa wake ikisikilizwa Kinshasa, mtu wa Kinsevere ataendelea kujua mwisho wa kesi moja tu kati ya hizo mbili, tena ile ya aliyepokea kidogo.